Samaki si Mashahidi wa Ndoa Zetu

Kuna hoja mbili zinazotembea mjini Bujumbura, na zote mbili huanza kwa maneno "hata wanyama." Ya kwanza husikika harusini. Mzee aliyepewa nafasi ya kutoa nasaha humgeukia bibi harusi na kumwambia: hata njiwa hukaa na mwenzake mpaka kufa, sembuse wewe mwenye akili na dini? Ya pili husikika barazani, hasa kwa vijana wa rika langu, pale mmoja wao anapofumaniwa: hata wanyama, dume halitosheki na jike moja, ndivyo tulivyoumbwa, lawama ya nini?

Hoja hizi zinapingana kama maji na moto, lakini sijawahi kuona wenyewe wakigombana. Mtu yule yule huweza kutoa ya kwanza Jumamosi ukumbini na ya pili Jumatatu kijiweni. Sababu ni kwamba zote mbili humtua mzigo mtu yule yule. Ya kwanza inamtaka mwanamke awe njiwa. Ya pili inamtaka amvumilie jogoo. Siku hizi imezuka na ya tatu, ya wanaojiita wasomi: wamesoma mahali kwamba vifaranga wengi wakipimwa DNA hukutwa si wa baba anayewalisha, basi wamekata shauri kwamba majike wote ni wadanganyifu, na wanawake nao ni majike.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa biolojia. Lakini nimechoka kuwasikia wanyama wakiitwa mahakamani kutoa ushahidi dhidi yetu, hasa kwa kuwa wanaowaita hawajawahi kuwauliza wanajua nini. Katika insha hii nitawauliza. Nitaanza na walio karibu nasi kabisa, samaki wa Ziwa Tanganyika, kisha nitarudi kwenye uwanja wangu, ambao ni maneno. Dai langu ni hili: mnyama haonyeshi mfano wa ndoa njema wala hatoi udhuru wa ndoa mbovu, na Kiswahili tunachotumia kumsimulia kimetufanya tusilione hilo.

Tuanze na jinsi wasomi wenyewe walivyoteleza. Mwaka 1968 mtaalamu wa ndege Mwingereza David Lack aliandika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya aina za ndege huishi jike mmoja na dume mmoja. Alikuwa sahihi kwa kile alichokiona: wawili wanajenga kiota, wawili wanalisha. Kosa la waliomfuata ni kudhani kwamba wanaolisha pamoja ndio waliozaa pamoja. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys akagundua njia ya kutambua mtu kwa alama za DNA yake, na haikuchukua miaka mingi njia hiyo ikapelekwa viotani. Mwaka 1994 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kindege mmoja mdogo wa buluu aishiye jozi na wasaidizi wake: takribani robo tatu ya makinda walikuwa na baba wa nje. Kufikia 2002, mapitio ya tafiti nyingi yalionyesha kwamba kwa ndege wanaoishi jozi, kwa wastani zaidi ya makinda 11 katika kila 100 si wa dume anayewalea. Wataalamu wakalazimika kugawa neno moja kuwa mawili. Kuna jozi ya kuishi na kuna jozi ya uzazi, na ya kwanza haikuhakikishii ya pili.

Sasa tuje nyumbani. Sisi wa Bujumbura tunaliona ziwa hili kila siku, tunakula mukeke na ndagala wake, halafu tunakwenda kutafuta mfano wa njiwa. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi, jamaa wa tilapia, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Katika ukoo huo zimo takribani namna zote za kulea ambazo kiumbe anaweza kuzibuni. Kuna mama anayelea peke yake mdomoni. Kuna wazazi wawili wanaolinda mwamba. Kuna kuhe, jitu la ukoo huo, ambaye dume na jike husimama pamoja juu ya maelfu ya vitoto vyao. Kuna familia ambamo samaki wakubwa wasio wazazi hukaa kusaidia kulinda. Mmoja wa hao wasaidizi, mwenye mkia uliochongoka kama mwezi mwandamo, husafirishwa hadi kwenye matangi ya vioo ya Ulaya na Marekani, na huko huitwa Binti Mfalme wa Burundi. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo nje ya nchi kutokea mji wetu huu. Watoto wa Ulaya wanamjua Binti Mfalme wa Burundi. Sisi hatumjui, na hiyo ni sehemu ya malalamiko yangu.

Samaki ninayetaka mumfahamu zaidi anaitwa *Variabilichromis moorii*. Hapatikani upande wetu wa kaskazini. Anaishi kusini, miambani kwa Zambia, lakini ziwa ni moja. Akiwa mkubwa ni mweusi, watoto wake ni wa njano. Dume na jike hushika kipande cha mwamba, jike hutaga, kisha wote wawili hulinda vitoto kwa muda wa miezi mitatu hivi, wakimfukuza kila mpita njia. Ukipiga mbizi ukawatazama, utasema: hawa hapa, mfano wa ndoa. Kristina Sefc na wenzake wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, walipima DNA za vitoto na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Katika viota 10 walivyopima, kila kimoja kilikuwa na watoto wa baba zaidi ya mmoja.

Najua wenzangu wa hoja ya tatu wameshaanza kutabasamu. Wasubiri kidogo. Mwaka 2018 kundi hilo la Graz lilichapisha utafiti mwingine juu ya samaki huyo huyo, likauliza swali ambalo barazani haliulizwi: je, dume anayepoteza watoto nyumbani huwa anajilipa kwa kuzaa kwa jirani? Jibu ni kwamba hufanya hivyo kwa nadra sana. Dume anayelea hupoteza sehemu kubwa ya uzazi na hafidii kitu. Hatoki. Yupo mwambani anafukuza maadui wa watoto ambao wengi wao si damu yake. Basi lile dume lisilotosheka, linalotajwa kijiweni kuwa ndilo asili yenyewe, liko wapi? Kwa samaki huyu dume mwenye jozi ni mlezi wa kudumu. Kama asili ni hoja, vijana wetu wajiandae kulea watoto wa watu kwa miezi mitatu bila kuuliza maswali. Sijamwona hata mmoja aliyejitokeza kuiga tabia hiyo.

Samaki wa pili ni kinyume chake. Anaitwa *Xenotilapia rotundiventralis*, naye huishi katika makundi makubwa majini, mbali na mwamba. Ukilitazama kundi huoni mume wala mke. Unaona umati tu. Jike hubeba mayai mdomoni, kisha vitoto vikikua kidogo hukabidhiwa dume, naye akawabeba mdomoni mwake. Dume gani? Kwa macho haiwezekani kujua. Watafiti wa Kijapani walipima DNA na kuchapisha mwaka 2012: madume walikuwa wamebeba watoto wao wenyewe. Ndani ya umati ule mlikuwa na jozi ambazo hakuna jicho lililoziona, na mkabidhi alimpata mkabidhiwa wake.

Wawekeni samaki hawa wawili pamoja, kwa sababu somo liko hapo. Wa kwanza anaonekana ana ndoa, na damu inasema vingine. Wa pili anaonekana hana ndoa, na damu inasema anayo. Jicho limekosea mara mbili, kwa pande mbili tofauti. Mzee wa harusini anamtazama njiwa kwa jicho hilo hilo, na mtaa unamtazama jirani kwa jicho hilo hilo.

Mtu ataniambia: sawa, samaki ni samaki, tupe mnyama mwenye damu moto. Nampa digidigi, paa mdogo wa vichaka vya Kenya na Tanzania ambaye wapenda maadili humsifu kwa kutembea wawili wawili maisha yote. Watafiti waliomfuata nduguye wa Namibia katika miaka ya 1990 walipima DNA na hawakupata ushahidi wa mtoto wa nje. Hatimaye, mwaminifu! Lakini waliangalia pia uaminifu huo unavyofanyika. Dume wa digidigi humwandama jike kila aendako. Jike akiacha harufu au kinyesi, dume hufunika alama hiyo kwa yake, ili dume mwingine asipate habari. Na mtoto akizaliwa, dume hana mchango katika malezi: halishi, hambebi, hamlindi.

Basi nawauliza wasomaji wenzangu, na hasa wazee wa nasaha: ni yupi mtakayempeleka harusini awe mfano? Ni digidigi, ambaye damu yake ni safi, mlinzi wa mke na mgeni kwa mwanawe? Au ni yule samaki mweusi wa mwambani, ambaye nyumba yake ina watoto wa watu na bado analea? Ukimchagua digidigi, umesema kwamba uaminifu ni kumfunika mke asinuswe. Ukimchagua samaki, umesema kwamba ubaba ni kulea. Vyovyote utakavyochagua, uamuzi umeutoa wewe kwa vipimo vyako vya kibinadamu, na mnyama umemtumia kama mtu anayeongea kwa sauti ya kubana pua ili isijulikane ni yeye.

Sasa nije kwenye maneno, maana hapa ndipo lawama yangu inapogeuka kwetu sisi tunaosoma Kiswahili.

Tunapotaka kusema kwa Kiswahili kwamba ndege fulani amepandana na asiye mwenzake, tunasema nini? Tunasema "ametoka nje ya ndoa," "amemsaliti mumewe," "amezini," "amedanganya." Nimeyaona hayo katika kazi za wanafunzi na kuyasikia redioni. Kila moja ya maneno hayo ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Usaliti unahitaji agano. Uzinzi unahitaji sheria. Udanganyifu unahitaji aliyedanganywa. Ndege hana hata kimoja kati ya hivyo. Tumemvika vazi la mshtakiwa kisha tunashangaa kwamba anafanana na mshtakiwa.

Ubaya wa maneno hayo hauishii kwenye adabu. Yanaficha tofauti ambazo ndizo sayansi yenyewe. Nitoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kerem mwenye paji jeupe, ndege mla nyuki anayechimba viota kwenye kingo za udongo. Katika Bonde la Ufa la Kenya, upande wa Nakuru, Stephen Emlen na Peter Wrege walimchunguza kwa miaka. Waliona kwamba jike akitoka kiotani peke yake, madume wengine humfukuza na kumkamata kwa nguvu, ndiyo maana mwenzake humsindikiza. Mfano wa pili ni kwezi, yule mwenye tumbo la rangi ya kutu na mgongo wa buluu unaong'aa. Huko Laikipia, Dustin Rubenstein alipima makinda na mwaka 2007 akachapisha kwamba 14 katika kila 100 walikuwa wa baba wa nje ya jozi. Hapa jike ndiye aliyekuwa akitafuta: mara nyingine kwa dume wa kundi lake, pale alipopungukiwa na wasaidizi wa kulisha, na mara nyingine kwa dume wa kundi jingine, pale mwenzake alipokuwa na urithi usio na mchanganyiko wa kutosha. Mfano wa tatu ni samaki mwembamba wa ziwani kwetu, *Julidochromis transcriptus*, ambaye jike mmoja huweza kuwa na madume wawili, mkubwa na mdogo. Watafiti wa Kijapani waligundua kwamba akichagua ufa mwembamba wa mwamba kuwa kiota, dume mkubwa hawezi kuingia ndani kabisa na mdogo anaweza. Kwa hiyo wote wawili wanapata watoto na wote wawili wanalea. Jike ameligawa suala la ubaba kwa kuchagua nyumba.

Wa kwanza amekamatwa. Wa pili ametafuta. Wa tatu amepanga. Kiswahili chetu cha barazani kinawaita wote watatu kwa jina moja: "ametoka nje." Je, hamuoni hatari? Lugha isiyoweza kutofautisha aliyekamatwa na aliyetafuta kwa ndege haitaweza kutofautisha kwa binadamu. Na haiwezi. Msichana aliyeshikwa kwa nguvu njiani na msichana aliyependa kwa hiari yake, wote wawili mtaani husemwa kwa kitenzi kimoja: "ameharibika." Nimekulia Buyenzi, mtaa wenye Kiswahili cha kujivunia, na neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kuna mtoto katika kichochoro chetu ambaye kila akivunja kikombe husomewa habari za mama yake. Huyo hakutungiwa neno na sayansi. Katungiwa na sisi.

Na ajabu ni kwamba wahenga wetu walikuwa wamefika mbali kuliko tulipo. Tazameni methali hii: kitanda hakizai haramu. Haisemi kwamba mke hakutoka. Haimpimi mtu damu. Inasema aliyezaliwa nyumba hii ni wa nyumba hii, basi, yaishe. Iwekeni kando ya nyingine: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa methali mbili Waswahili walishatenganisha baba wa damu na baba wa malezi, na wakasema nani kati yao ana haki ya jina hilo. Huo ndio mgawanyo ambao wataalamu wa ndege walilazimishwa na DNA kuufanya baadaye. Tulikuwa na chombo mkononi tukaenda kuazima kwa jirani.

Lakini sitaki kuitakasa methali kupita kiasi. Kitanda kinachozungumzwa ni cha mume. Mtoto wa msichana asiye na kitanda hakutajwa, na kutotajwa kwake ndiko kulikoacha nafasi ya neno haramu. Ndiyo maana nasema methali ni mwanzo wa kazi. Aliyelelewa ni mtoto, awe amezaliwa kitandani au mkekani.

Sasa nijibu mapingamizi matatu ninayoyatarajia.

La kwanza ni la hoja ya tatu: "Basi kama wanyama wanafanya hivyo, binadamu naye ni mnyama, takwimu za ndege zinatuhusu." Kama mnataka takwimu za binadamu, zipo, hamna haja ya kuazima za ndege. Tafiti za koo za Flanders, Ubelgiji, zimekuta kwamba watoto wasio wa baba aliyeandikwa wamekuwa asilimia moja au mbili hivi kwa kila kizazi. Kwa Wahimba wa Namibia, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta asilimia 48. Ni binadamu wale wale, mwili ule ule. Kilichotofautiana ni desturi: kwa Wahimba mtoto wa nje ana jina lake, wazazi wengi wanamjua kuwa ni wa nje, na baba wa nyumba anamlea bila kashfa. Hakuna aliyedanganywa. Kwa hiyo hata penye tarakimu kubwa kuliko za ndege wengi, neno "udanganyifu" halina pa kukaa. Mwenye kutaka kuwahukumu wanawake wa Bujumbura kwa kindege wa Australia ajibu kwanza kwa nini asiwahukumu kwa Flanders.

La pili ni la wenye dini, nami ni mmoja wao. Wataniambia: viumbe ni ishara, na tumeamrishwa kuzitafakari. Nakubali kabisa. Lakini kutafakari ishara ni kuitazama ilivyo. Anayemsifu njiwa bila kumchunguza hajatafakari chochote. Amejitazama kwenye kioo. Amri ya kuwa mwaminifu tumepewa sisi, kwa maneno, tukiwa na akili ya kuyaelewa na uhuru wa kuyavunja. Hakuna aliyeielekeza kwa samaki. Ukiitegemeza amri hiyo juu ya njiwa, siku njiwa atakapopimwa amri yako itaanguka naye. Mimi naiona imara zaidi ikisimama yenyewe.

La tatu ni la vitendo: "Mbona haya ni maneno tu? Ndoa za watu haziamuliwi na istilahi." Ndoa za watu nchini kwetu zimekuwa zikiamuliwa na mambo makubwa. Sheria ya familia ya 1993 ilipiga marufuku ndoa za wake wengi. Mwaka 2017 serikali iliwataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa wazihalalishe kabla mwaka haujaisha. Unaweza kuitetea kampeni ile kwa sababu nzito, kama urithi wa mjane na kuandikishwa kwa mtoto. Unaweza kuipinga kwa sababu nzito pia, kama uhuru wa mtu na umaskini wa asiye na mahari. Mjadala wa namna hiyo una maana, kwa kuwa unahusu watu na kinachowapata. Lakini kila anayeingia ndani yake na "hata wanyama" anaufunga kabla haujaanza, kwa sababu asili haijibiwi. Anasema, kwa kweli, msinidai sababu. Ndiyo maana maneno haya si madogo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo, na nayatoa kwa walimu wetu na kwa wanafunzi wenzangu pamoja.

Kwanza, tuwe na istilahi zisizo na hakimu ndani yake. Wawili wanaoishi na kulea pamoja tuwaite *jozi ya malezi*. Wawili waliochangia damu ya mtoto tuwaite *jozi ya uzazi*. Tendo la mmoja wao na mwingine wa pembeni tuliite *kupandana nje ya jozi*, na kwa samaki, ambao mayai hupata mbegu majini, *utungishaji nje ya jozi*. Penye nguvu tuseme *kulazimishwa*. Penye hiari tuseme *kuchagua*. Sidai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Mwenye bora zaidi alete. Ninachodai ni kwamba "usaliti" na "uzinzi" viondolewe katika kila insha ya sayansi inayosahihishwa kwa Kiswahili, na mwalimu atakayevikuta avipigie mstari kama anavyopigia mstari kosa la ngeli.

Pili, samaki wa ziwa hili waandikwe kwa Kiswahili. Habari nilizozieleza hapa ziko katika majarida ya Kiingereza, zimeandikwa Graz, Kyoto na Osaka. Ng'ambo ya maji, Uvira, kuna kituo cha utafiti wa ziwa, na ukipanda gari kuelekea Rumonge utaona mawe ambamo sikilidi wanaishi. Haifai mwanafunzi wa Bujumbura amjue njiwa wa kadi za harusi kuliko samaki wa mlangoni kwake. Wanafunzi wa biolojia wanajua mambo, sisi tunajua lugha. Hakuna kinachotuzuia kukaa meza moja isipokuwa mazoea.

Tatu, na hili ni kwa wenzangu wa barazani. Ukifumaniwa, sema umefanya nini na kwa nini, kwa nafsi ya kwanza, umoja. Dume wa mwambani ana watoto wa kulinda na hana muda wa kuja kukutetea.